Nafasi ya Nyundo Kubwa

Juzi nilikuwa jikoni nakata sukuma, nikasema "karibu" kwa sauti, na mlangoni hapakuwa na mtu. Naishi peke yangu, kwa hiyo hakuna aliyenicheka. Chini ya jengo letu kuna fundi wa madirisha ya chuma, na asubuhi ile alikuwa amepasha kipande cha chuma moto na anakipinda kwa nyundo. Harufu ilipanda mpaka kwangu, ile ya chuma cha moto kilichotumbukizwa kwenye mafuta machafu ya gari. Kisha ikaja sauti: mapigo mawili na kimya, mapigo mawili na kimya. Mdomo ulijibu kabla sijaamua. Nikabaki nimesimama na kisu mkononi, mtu mzima mwenye mvi zake, machozi yananilengalenga kwa sababu ya fundi wa madirisha.

Kisu chenyewe ni cha Garissa. Nilipelekwa huko wakati meno yangu ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya. Kwetu ni upande wa Mwingi. Shangazi, dada yake baba, alikuwa muuguzi Garissa, na kwa kuwa hakuwa na mtoto aliomba apewe mmoja wetu wa kukaa naye na wa kumtuma dukani. Tulikuwa wasichana wawili. Dada yangu Mutheu alikuwa na mikono ya kazi, nyumba isingekwenda bila yeye. Mimi ndiye niliyeweza kutolewa. Hakuna aliyelisema hilo mbele yangu, lakini mtoto si mjinga.

Mimi na Mutheu kazi yetu ilikuwa kutwanga mahindi ya muthokoi, kuyatoa maganda. Kinu kimoja, michi miwili. Wako unapanda, wangu unashuka. Ukizoea huusikii tena mchi wako. Unasikia ile nafasi ya mwenzako tu, na ukichelewa kidogo yeye anakungojea bila hata kujua kwamba anakungojea. Tulitwanga tukiwa tunacheka, tukatwanga tukiwa tumenuniana hatusemezani, na michi haikuwahi kugongana. Siku ya kuondoka Mutheu alinisindikiza hadi barabarani, akanishika sikio kama kawaida yake, akaniambia, "Likizo nitakuja. Na huko usitwange na mtu mwingine."

Garissa ilinipokea kwa joto ambalo sikujua lipo duniani. Mabati yalilia mchana kutwa, maji yalikuja kwa mkokoteni wa punda, na korongo wakubwa wenye vipara walisimama juu ya miti ya mathenge wakinitazama kama walimu wa zamu. Asubuhi nilikwenda shule, ambako wenzangu wakitoka darasani walirudi kwenye Kisomali chao na kuniacha nje ya mazungumzo. Hawakuwa wabaya. Waliniita "nywele ngumu", jina la kila mtu aliyetoka bara, kisha wakasahau kwamba nipo. Mchana nilirudi kwenye nyumba ya shangazi, nikajifungia uani kama alivyoniagiza: nisimfungulie mtu yeyote mpaka atoke hospitalini.

Ndipo nilipoanza kusikia hodi. Ilitoka nyuma ya ua wetu wa mabati, wazi kabisa: ho-di, kisha kimya. Ho-di, kimya. Kwetu hodi haiachwi hewani, hata ukiwa na deni na anayebisha. Lakini shangazi alikuwa amenikataza kufungua. Nikatafuta njia ya katikati, nikawa nasema "karibu" na sifungui. Hodi ikija, naitikia. Ikija tena, naitikia tena. Nikafua soksi zangu huku naitikia, nikafanya hesabu za shule huku naitikia. Sikujiuliza ni mgeni gani huyo mwenye subira ya kubisha mchana kutwa. Nilichojua ni kwamba kuna mtu anataka kuingia kwetu, na hilo lilinitosha.

Baada ya siku kadhaa, sauti ya mwanamume ikapanda juu ya mabati. "Wewe mtoto! Kila siku unasema karibu, karibu. Haya, mlango iko wabi?"

Nikasogea kwenye bati lililolegea, nikachungulia. Upande wa pili kulikuwa na kibanda, moto wa makaa, na mtu mrefu mwembamba aliyevaa kikoi, mikono imejaa makovu madogo ya cheche. Mkononi alikuwa na nyundo.

"Si wewe unabisha hodi?" nikamuuliza.

"Mimi nabisha?" Akaitazama nyundo, akanitazama mimi. "Abaayo, mimi nabiga kisu!"

Akamgeukia mke wake, akamweleza kwa Kisomali, na yule mama akacheka hadi akakaa chini. Hivyo ndivyo nilivyojuana nao. Mwanamume aliitwa Gedi na mkewe Halima, na nikafundishwa kuwaita Adeer na Eeddo, baba mdogo na shangazi, nao wakaniita abaayo, dada. Shangazi yangu wa damu alipopata habari alikwenda mwenyewe kukagua, akakuta anamfahamu Halima kutoka kliniki. Akaniruhusu, kwa masharti: moto nisiguse, njiani nisisimame, na nyundo ikinyamaza nirudi nyumbani.

Adeer Gedi alifua visu kutoka kwa springi za malori yaliyokufa kwenye barabara ya Liboi. Alikata kipande, akakizika ndani ya makaa, na Eeddo akavuta mivukuto mpaka chuma kikawa rangi ya chungwa lililoiva. Alianza na ncha. Alizigonga pembe mbili za mwisho wa kipande kuelekea ndani, huku akigeuza, mpaka zikakutana. Kisha aligeuza nyundo, akatumia upande wake mwembamba, kwa sababu upande huo unakisukuma chuma kirefuke tu, wala hakitawanyiki ovyo. Kila pigo liliacha alama kama ya kucha kwenye unga. Mwisho aliurudisha uso bapa wa nyundo, akazifuta alama zote. Pigo upande huu, geuza, pigo upande ule. Ukiupendelea upande mmoja, kisu kinajisokota.

Siku moja nilimwona amenyoosha kisu kizuri kabisa, kisha akakikalisha kwenye pembe ya fuawe na kukipinda kama mundu. Nikapiga kelele. "Adeer, umekiharibu!"

"Ngoja kwanza." Akaanza kuyafua makali, polepole, kutoka shinani hadi nchani. Na kadiri makali yalivyokuwa membamba, kile kisu kilijiinua chenyewe, kikanyooka mbele ya macho yangu. "Makali inabanuka, mgongo inakataa," akasema. "Basi kisu inajibinda juu. Mimi najua atabinda, kwa hivyo nabinda mbele yake."

Neno lake jingine lilikuwa la rangi. Chuma kikishapoa kikaanza kuwa cheusi, aliacha hata kama amebakiza pigo moja. "Rangi ikikufa, wacha. Ukibiga baridi, leo iko fisuri, kesho inafunjika." Alilisema mara nyingi mno, nikawa namkatiza na kulimalizia mimi, naye anajifanya kukasirika.

Lakini kuna kitu kilinisumbua, na hakikuwa kisu. Ni ule ukimya. Pigo moja kwenye chuma, pigo dogo la kurukia kwenye fuawe, halafu mkono wake unangoja juu, na chuma cha moto kinapoteza rangi bure. Mtu aliyeogopa ubaridi kiasi kile, kwa nini angoje? Nilitazama siku nyingi. Halafu siku moja mikono yangu ikaelewa kabla ya kichwa.

"Adeer," nikasema, "yule mwingine yuko wapi?"

"Mwingine nani?"

"Wa mchi wa pili." Nikamwonyesha kwa mikono, mimi na Mutheu, wako juu, wangu chini.

Aliishusha nyundo. Akatazama ukutani, ambapo nyundo kubwa ya mpini mrefu ilikuwa imeegemezwa. Sikuwahi kumwona mtu akiitumia, ila kila Ijumaa Adeer aliupaka mpini wake mafuta. Akanieleza kwamba kufua ni kazi ya watu wawili. Nyundo ndogo inaonyesha, nyundo kubwa inafuata pale pale ilipoonyeshwa. Nyundo kubwa ilikuwa ya mdogo wake, Barre, tangu walipokuwa vijana huko kwao Somalia. Walipofika Liboi, mpakani, wakati wa kukimbia vita, yeye alipita na vyombo, Barre akaambiwa angoje.

"Sasa yuko wapi?"

"Atakuja, insha'Allah." Akakirudisha chuma motoni. "Mimi nikibiga haraka haraka, siku moja Barre anakuja, anakuta mkono yangu imemsahau. Itakuwa aibu."

Sikuwahi kusikia jambo lenye akili zaidi ya hilo. Jioni ile nilichukua mpini wa ufagio, nikasimama uani, nikaanza kutwanga hewa. Wangu chini, nafasi ya Mutheu. Wangu chini, nafasi ya Mutheu. Shangazi alinikuta akauliza kama nimepatwa na wazimu. Nikamwambia nafanya mazoezi. Likizo ilifika na Mutheu hakuja, mama alikuwa na kazi naye. Ikaja likizo nyingine, ikawa hivyo hivyo. Nililia, ndiyo, nililia mpaka kamasi zikaloanisha mto, lakini sikufa moyo. Mradi nyundo ya Adeer iliacha nafasi, mimi niliamini kwamba wote wawili wako njiani, Barre wake na Mutheu wangu, labda hata kwenye basi moja.

Mama mmoja aliyetuuzia maziwa ya ngamia alinishika mkono siku moja langoni. "Wewe, usikule kwa hao watu wa nyuma. Hao ni tumal."

Nikashikwa na hofu. Jioni nikamsubiri shangazi, yeye si ndiye wa hospitali. "Shangazi, tumal inaambukiza? Adeer anayo, na Eeddo pia. Ina dawa?"

Shangazi alicheka sana. Kesho yake akawauliza wenzake kazini, akarudi bila kucheka. Akanieleza kwamba tumal ni jina la ukoo wa wafua chuma, na kwamba wako watu wasiokubali kuwaozesha binti zao wala kula nao. Nikauliza kwa nini. Akasema hata waliomweleza hawakujua kwa nini, wamekuta hivyo. Nikafikiri habari hiyo kidogo, nikaiacha. Yule mama wa maziwa mwenyewe alikatia nyama kisu cha Adeer, nilikuwa nimekiona kwake.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Nilikuwa nasugua sufuria uani, nyundo ikaanza, nami nikafungua mdomo niseme karibu yangu, na haikupata pa kuingia. Ko-ko-ko-ko-ko. Hakuna ho-di, hakuna kimya. Nikangoja. Nikajiambia labda ni mteja amekuja kujaribu nyundo. Lakini mkono niliujua, ulikuwa wa Adeer, unapiga kama mvua ya mawe. Nikaiacha sufuria na povu lake, nikapenya kwenye bati.

Eeddo Halima alikuwa amekaa nje ya kibanda, ameupa mlango mgongo. Mivukuto hakuivuta mtu. Nikachuchumaa karibu naye.

"Eeddo, kuna nini?"

"Mtu ya ng'ombe ametoka Elwak, njia ya Mandera," akasema. "Mwesi imebita alikuja kununua kisu. Akasema Barre iko Elwak."

Niliruka juu. "Yupo! Basi atakuja!"

Akanivuta nguo nikae. "Keti, abaayo. Barre iko na duka. Ameoa watu wakubwa. Gedi alituma salamu na huyu mtu, leo ameleta jibu. Ameenda mbaka duka yake, akamwambia, ndugu yako ya Garissa anakusalimia. Duka imejaa watu. Barre akasema, wewe umebotea. Mimi sina ndugu anabiga chuma."

Sikuelewa. "Amemsahau?"

"Hajasahau." Akafuta uso kwa mtandio. "Watu ya bibi yake hawajui yeye ni tumal. Wakijua, bibi inachukuliwa. Hajasahau, wallahi. Afadhali angesahau."

Nikaingia kibandani. Cha kwanza nilichotafuta ni nyundo kubwa, na ukutani haikuwapo. Mpini wake ulikuwa chini, unang'aa mafuta ya Ijumaa zote zile. Kichwa chake Adeer alikuwa amekichomoa na kukipigilia ndani ya gogo, uso wake ukiwa juu, na sasa kilikuwa fuawe. Juu yake alikuwa anakipiga kisu cha jikoni alichoagizwa na shangazi. Hakunitazama. Alikuwa analia na hajifichi, machozi yanaanguka kwenye chuma bila hata kuchemka. Hapo ndipo nilipoona kwamba chuma ni cheusi.

Niliogopa. Sikuwahi kumwona mtu mzima wa kiume akilia, na sikujua mtoto anapaswa kusema nini. Nilikuwa na neno lake moja tu, nikamrudishia lilelile.

"Adeer. Rangi imekufa."

Nyundo ikabaki juu. Akakitazama kisu muda mrefu, kama mtu aliyeamshwa, kisha akakirudisha kwenye makaa. Eeddo akaja, akaanza kuvuta mivukuto. Kilipotoka, kilikuwa chekundu hafifu, cha mapigo mepesi ya mwisho ambayo kazi yake ni kusawazisha tu. Adeer akaokota nyundo ndogo kabisa, ya kupigilia misumari ya mipini, akaniwekea mkononi. Masharti ya shangazi nikayasahau palepale.

"Biga," akasema.

Hakunionyesha mahali wala hakuniambia wakati. Alipiga, mkono ukapanda, na ile nafasi ikafunguka mbele yangu, ileile ya nyumbani. Nikaingia. Yake, yangu, yake, yangu. Pigo langu lilikuwa kama la kuku anayedonoa, nafikiri halikusawazisha chochote, lakini aliningojea kila mara na mimi nilifika kila mara. Alilia hadi mwisho, na mimi sikuacha kupiga, kwa sababu zamu yangu ilikuwa inakuja. Halafu akakitumbukiza kisu kwenye mafuta, moshi ukatujaa usoni, na harufu ikawa ile iliyopanda juzi hadi jikoni kwangu.

Baada ya hapo hakuacha tena nafasi alipofua peke yake. Nyuma ya ua kulisikika kazi tu, ya haraka, ya mtu mmoja. Nafasi alinifungulia mimi nilipotoka shule, visu vikifikia mapigo mepesi. Kisha shangazi akahamishwa na ikaamuliwa nirudi nyumbani. Asubuhi ya safari nilikwenda kwenye lile bati nikaligonga kwa kidole, mapigo mawili, nikanyamaza. Kutoka upande wa pili Adeer akasema, "Karibu," akaongeza kwa Kisomali chake, "Soo dhowow." Shangazi alikuwa ananiita, basi lilikuwa linajaa. Sikuwaona tena.

Njia nzima, kwenye kila kizuizi cha kukaguliwa, niliushika mzigo wangu wenye kile kisu cha jikoni, kimefungwa gazetini, zawadi ya shangazi kwa mama. Lakini mawazo yangu hayakuwa kwa mama. Nilikuwa nimeitunza nafasi ya Mutheu kwa mpini wa ufagio muda wote ule, na mikono yangu haikuwa imemsahau hata kidogo. Huku nikitembea kutoka barabarani, nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa anatwanga.

Alikuwa amekuwa mrefu, amefunga leso kiunoni kama mama. Akanitabasamia, akasema "Mwende! Umekuwa mweusi!" na mchi haukusimama. Nikautupa mzigo, nikakimbilia mchi wangu. Haukuwa mahali pake. Niliukuta kwenye banda la kuku, umeegemezwa kuuzuia mlango. Nikaufuta kinyesi kwa sketi, nikarudi mbio, nikasimama mbele ya kinu, nikauinua, nikangoja.

Nafasi haikuja. Mchi wa Mutheu ulishuka na kupanda na kushuka, upesi, sawasawa, kazi ya mtu mmoja mwenye nyumba nzima ya kulisha. Nilisikiliza kwa mwili wangu wote. Nikafumba macho, nikaushusha wangu, na michi ikagongana kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe. Mahindi yakaruka chini.

Mutheu alicheka, na hakukuwa na ubaya wowote kwenye kicheko chake. "Wacha nimalize, Mwende," akasema. "Wewe umechoka na safari." Akaendelea.

Nikasimama pale na mchi wangu, natazama. Sauti ya mama ikatoka jikoni.

"Mbona kuku wako nje? Nani ametoa ule mchi wa mlango?"

"Ni mimi," nikasema, nikaenda kuurudisha.